Barua kwa Mwanangu: Fimbo ya Mchungaji Mkononi mwa Farao

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea barua yako, nawe umeniuliza kama ni kweli, kama mlivyofundishwa chuoni, kwamba ustaarabu ulizaliwa shambani na kwamba wafugaji walikuja baadaye kuvamia tu. Kwa upande wa bonde la Nile, sikubaliani na fundisho hilo.

Huko mifugo ilitangulia nafaka. Sahara ilipokuwa bado na nyasi na mabwawa ya msimu, wafugaji wa Nabta Playa, kusini mwa Misri ya leo, walimzika ng'ombe mmoja mzima katika chumba kilichokandikwa udongo na kuezekwa kwa matawi, kisha wakarundika mawe juu yake. Hayo yalitendeka maelfu ya miaka kabla ya piramidi ya kwanza. Jangwa lilipozidi kukauka, watu wa namna hiyo walisogea mtoni pamoja na mali yao, kwa kuwa ng'ombe, tofauti na ghala, huhama kwa miguu yake mwenyewe.

Sikatai kwamba ngano na shayiri ndizo zilizowalisha wajenzi wa piramidi. Lakini tazama alichoshika Farao, mfalme wa Misri: fimbo fupi ya mchungaji yenye ncha iliyopinda, ambayo katika maandishi ya Wamisri wa kale ndiyo alama ya neno "kutawala". Ya Farao Tutankhamun, iliyopatikana katika kaburi lililogunduliwa mwaka 1922, imezungushiwa pete za dhahabu na kioo cha buluu.

Hata kalenda ya serikali ilipita zizini. Katika Ufalme wa Kale, yaani enzi ya piramidi kubwa za Misri, mwaka uliitwa "mwaka wa hesabu ya tatu", na uliofuata "mwaka baada ya hesabu ya tatu", kwa sababu kwa kawaida mifugo ilihesabiwa kila baada ya miaka miwili ili itozwe kodi. (Bibi yako angewaelewa vizuri: mwaka niliozaliwa hakuujua, ila alijua ni ng'ombe yupi aliyezaa siku zile.)

Ukibishiwa, taja Kerma, mji wa kale kando ya Nile nchini Sudan, ambako kando ya kaburi moja la yapata miaka 4,000 iliyopita yalipangwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000. Kisha waulize wenzako ni nani, kama si mtawala, aliyeweza kuamuru wanyama wote hao watolewe.

Ni mimi, baba yako.