Julai Nakuru mvua ipo

Wapo wanaosema Julai ni kiangazi. Hapana, Julai huku Nakuru si kiangazi. Nairobi ndiko baridi huja na mawingu na manyunyu tu. Sisi wa Bonde la Ufa hunyeshewa hadi Agosti, na mara nyingi ni alasiri. Nguo nikianika baada ya chakula cha mchana, lazima nizianue mbio.

Kwa kuwa mvua huja alasiri, matembezi ya vijana kwenda Menengai, kreta (shimo kubwa la volkano) ya hapa Nakuru, yasiahirishwe, ila muanze asubuhi mapema na mshuke kabla ya saa nane. Mji uko kama mita 1,850, ukingo wa kreta hufika 2,278, na upepo wa pale juu hupenya sweta. Watoto wavae makoti, tafadhali. Njia ikilowa huteleza sana.