Usimtoroke mtoto mlangoni

Siku ya kwanza nilipompeleka mwanangu kituo cha kulelea watoto mchana, yaani deikea, nilimtoroka. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Walezi walimwekea vikombe vya plastiki sakafuni, akakaa, akaanza kuvipanga. Mimi nikarudi nyuma taratibu mpaka getini, viatu mkononi nisisikike, nikapanda bodaboda. Nilijiona nimefanya la busara. Hakuniona nikiondoka, hakulia, nami sikulia.

Kosa lile lilinigharimu wiki tatu. Nyumbani alianza kuning'ang'ania. Nikiingia bafuni analala kifudifudi akichungulia chini ya mlango. Usiku anashtuka na kupapasa kitanda kuhakikisha nipo. Kituoni ndiyo kabisa, hakugusa tena kikombe wala mpira, kwa sababu alishajifunza kwamba ukikolea kwenye mchezo, mama anapotea.

Mama anayesimamia kituo kile ni mtu mzima, Mgogo wa hapa hapa, watoto wote wanamwita Bibi. Ndiye aliyenikalisha kwenye kiti cha plastiki pale kibarazani. "Mwanangu, ukiondoka muage," akaniambia. "Atalia, ndiyo. Lakini mtoto anayelia anajua mama kaenda kazini. Huyu wako ananyamaza, na hajui mama yake yuko wapi."

Tangu siku ile tuna utaratibu wetu. Nachuchumaa mpaka macho yetu yanakuwa sawa, namwambia, "Mama anakwenda kazini. Ukishakunywa uji wa jioni, nakuja." Busu moja, namkabidhi kwa Bibi mkono kwa mkono, naondoka. Sirudi kuchungulia dirishani. Simwambii saa kumi na moja, maana hajui saa. Uji anaujua. Na uji ukishanyweka, lazima niwepo. Kwa mtoto wa umri ule, ahadi ikivunjwa mara mbili haina maana tena.

Wengi tunaoishi Dodoma tulikuja na kazi, hasa baada ya Serikali kuanza kuhamia huku mwaka 2016. Bibi wa mtoto yuko Tanga, shangazi yuko Mbeya, na jirani naye anatoka alfajiri kama wewe. Likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na zinaisha upesi kuliko unavyodhani. Dada wa kazi anaweza kuaga Jumapili usiku. Kwa hiyo simlaumu mzazi anayempeleka mtoto deikea, nami nimempeleka wangu. Ninachoomba ni kwamba tusianze kwa kufichana. Makosa yangu yote makubwa katika safari hii yalikuwa ya kuficha au kuona aibu kuuliza.

Nilianza kwa kuona aibu kuuliza cheti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na usajili wake uko chini ya Ustawi wa Jamii. Kituo cha kwanza nilichokwenda kuangalia, kabla ya kile cha Bibi, kilikuwa na ukuta uliochorwa twiga na tembo, na dada wa mapokezi mwenye maneno matamu. Nikaona kuuliza cheti ni kama kumwambia simwamini. Nikalipa ada ya mwezi kabla mtoto hajaingia hata siku moja. Kumbe mwenye kituo kilichosajiliwa hakasiriki ukimuuliza, tena anakuonyesha kabla hujamaliza sentensi. Ukiwa na mashaka, pita kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako umuulize kama kituo kinajulikana. Huna haja ya kumjua mtu.

Kituo kile chenye twiga nilikijua vizuri nilipopita bila taarifa saa saba mchana. Nakushauri nawe uende saa hiyo. Asubuhi kila kituo kinapendeza, watoto wameoga na wanaimba. Saa saba joto limepanda, watoto wamechoka, walezi nao wamechoka, na hapo ndipo unapoona malezi yenyewe. Nilikuta watoto wengi wamelala godoro moja, dada mmoja tu yuko nao, macho kwenye simu. Mtoto mmoja amesimama ukutani, suruali imelowa mpaka magotini, analia ile sauti ya chini ya mtoto aliyekwisha kata tamaa ya kusikilizwa. Niliondoka, hela yangu nikawaachia.

Kwa Bibi hakukuwa na mchoro hata mmoja. Kulikuwa na mkeka, mwarobaini uani, na mtoto aliyeanguka akapiga yowe. Bibi alikuwa anakoroga uji. Kabla hajasogeza mwiko alishamwitikia, "Nakusikia, baba, nakuja." Kisha akaja. Yule mtoto alianza kunyamaza aliposikia sauti tu. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, ina maneno ya jambo hili: malezi yenye mwitikio. Mtoto analia, mtu anaitika. Ukienda kukagua kituo, usihesabu midoli. Hesabu sekunde kati ya kilio na jibu. Hesabu pia walezi, na uliza kila mmoja ana watoto wangapi wasioweza kula wenyewe.

Mengine ni ya kuangalia kwa macho. Jiko la mkaa liko wapi, na mtoto anayetambaa anaweza kulifikia? Geti linafungwa kwa komeo la juu? Choo na vipoti vinasafishwa na nini? Na kwa mji huu wetu wa mgao wa maji, uliza yakikatika siku mbili wanafanyaje. Tafuta simtanki kwa macho yako, usiridhike na jibu. Watoto wengi mahali pamoja na maji hakuna, kuharisha hakuko mbali.

Suala la karibu na nyumbani au karibu na kazini limetusumbua sana mimi na mume wangu. Tunakaa Nkuhungu, kazi yangu iko Mji wa Serikali Mtumba, yaani upande wa pili wa jiji. Sheria ya ajira inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Ni haki nzuri, lakini haina faida kama mtoto yuko Nkuhungu nawe uko Mtumba. Maoni yangu ni haya: kwa mtoto ambaye bado hajafikisha miezi sita na anategemea maziwa yako tu, tafuta kituo karibu na kazini hata kama utasumbuka naye kwenye basi. Akishakula vizuri, karibu na nyumbani ni bora, kwa sababu siku basi likiharibika njiani jirani anaweza kumfuata kwa miguu. Jirani huyo mtambulishe kituoni mapema, uso kwa uso. Na usikubali kamwe mtoto akabidhiwe bodaboda peke yake, hata kama dereva unamjua miaka yote.

Kosa jingine nalieleza kwa uchungu kuliko hayo. Ilikuwa Julai, ule upepo wa Dodoma wa asubuhi unaopenya mpaka kwenye mifupa. Mtoto alichemka usiku. Nami nilikuwa na kikao ambacho hakikuahirishika, au nilijiaminisha hivyo. Alfajiri nikampa dawa ya kushusha homa, nikamvika sweta, nikamwacha kituoni na tabasamu. Sikusema neno. Saa tano dawa ikaisha nguvu, homa ikarudi juu, na Bibi hakujua amepewa nini, saa ngapi, wala kiasi gani. Angempa tena dawa ileile kwa nia njema, angeweza kumzidishia dozi. Alinipigia simu, nami ukumbini simu nimeinyamazisha.

Alipona. Lakini jioni ile Bibi hakunigombeza, aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" Sikuwa na jibu, maana jibu la kweli ni kwamba niliogopa angenirudisha naye. Na alikuwa na haki ya kunirudisha. Kulikuwa na watoto wengine kumi na wawili mle ndani.

Siku hizi nina daftari dogo linakaa kwenye mkoba wa mtoto. Naandika alivyolala, alichokula asubuhi, dawa yoyote na saa yake. Jioni walezi nao wanaandika amelala muda gani, amekula nini, amekwenda haja mara ngapi. Kama mtoto ana pumu, amewahi kupata degedege, au kuna chakula kinachomdhuru, hilo liandikwe ukurasa wa kwanza pamoja na namba mbili za simu ambazo kweli zinapokelewa. Peleka na nakala ya kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela inatolewa miezi 9 na tena miezi 18, na wengi tunaisahau hiyo ya pili kwa sababu kliniki tumeshaizoea kuiacha.

Miezi ya kwanza mafua hayaishi. Jiandae kwa ruhusa kazini, na mume na mke mgawane siku hizo.

Ukiweza, anza wiki mbili kabla likizo yako haijaisha. Siku ya kwanza kaa naye pale saa moja, mwondoke wote. Kesho yake muage, mwache nusu saa, urudi. Ongeza kidogo kidogo mpaka alale mchana pale. Wiki hizo usimwachishe ziwa, wala usihame nyumba, wala usimwachishe nepi. Badiliko moja linamtosha.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya. Jioni, mtoto aliyeshinda vizuri siku nzima anaweza kukuona tu akaangua kilio, akajitupa chini, akakupiga kibao. Mara ya kwanza niliamini ameteswa. Bibi akanieleza kwamba mtoto anajizuia mbele ya watu, anakuja kumwaga kwa mama yake. Ndivyo nilivyokuja kuona hata mimi. Nikampakata nusu saa bila kumuuliza maswali, simu nimeiweka mbali, akatulia. Ila kilio cha jioni ni tofauti na hofu. Ukiona mtoto anamwogopa mlezi mmoja akisikia jina lake, ana alama usizoelezwa, au anarudi amelewa usingizi kila siku mpaka unajiuliza anapewa nini, usimalizane na mwenye kituo kwa kuombana radhi. Mtoe. Toa taarifa ustawi wa jamii au piga 116, Simu ya Mtoto, ni bure.

Mwanangu sasa ana miaka minne. Akiingia kibarazani kwa Bibi anawahi kusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kwa sauti ya mzee wa kijiji, kabla hata sijasema shikamoo.

Jumatatu ijayo nampeleka mdogo wake. Nimekwishazungumza na Bibi, ameniuliza analalaje, nikamwambia ukweli: bila ziwa mdomoni halali, na mimi nimeshindwa. Akasema nilete kanga moja niliyoilalia siku mbili, atamfunika nayo. Iko kitandani hapa ninapoandika. Amenisisitiza nisiifue.