Usiiamini alama ya kipaumbele ikishavuka geti lako

Ukifunga simu za intaneti ofisini, fundi yeyote atakuambia sauti uiwekee alama ya 46 (namba ya kipaumbele, DSCP, inayoandikwa mwanzoni mwa kila pakiti, yaani kifurushi cha data) ili ruta ziipitishe mbele. Nilifanya hivyo Mombasa, kwenye ofisi yenye tawi Dar es Salaam, nikaondoka nimeridhika. Wiki haikuisha nikapigiwa. Kila siku ikifika saa nne asubuhi sauti inakwaruza, mtu wa Dar anasikika silabi moja moja, mchana inatulia yenyewe.

Nilibishana na waliotuuzia laini siku mbili nzima kabla ya kufanya nilichopaswa kuanza nacho. Kompyuta ya Mombasa nikaipa ping -Q 184, amri ya kutuma pakiti za majaribio zenye alama, kwenda Dar (184 ni 46 hiyohiyo ikisomwa kwa baiti nzima, yaani mara nne), ya Dar nikaiwekea tcpdump -v, programu ya kuonyesha pakiti zinavyofika. Huku baiti hiyo, tos, inatoka 0xb8 (184 kwa heksadesimali), kule inafika 0x18, yaani 24. Gawa kwa nne: 46 imegeuka 6.

Hiyo sita ina asili yake. Alama ni biti sita, na 46 ni 101110. Ukifuta tatu za mwanzo inabaki 000110. Njiani kulikuwa na ruta inayofuata mpangilio wa mwaka 1981, wakati biti tatu za mbele ndizo zilizobeba kipaumbele, japo utaratibu ulibadilishwa 1998. Kampuni nyingine hufuta zote sita, unapokea sifuri.

Siku hizi siwalaumu watoa huduma. Mtoa huduma akiheshimu kila alama inayotoka nje, kesho wateja wote watajiandikia 46, hata anayeshusha sinema. Na 48 ndiyo ruta zenyewe huitumia kuambiana njia. Nani atamruhusu mteja ajipenyeze foleni hiyo? Ni kama mzigo wa basi uliobandikwa HARAKA: konda uliyemlipa ataujali, lakini ukihamishiwa gari la kampuni nyingine pale Lunga Lunga, huyo wa pili hana habari na malipo yako. Mitandao inayokutana kwenye vituo vya kubadilishana trafiki, KIXP Nairobi au TIX Dar, kwa kawaida hupeana trafiki tu, mambo ya foleni kila mtu na kwake.

Kichekesho ni kwamba hata alama ingefika salama, sauti ingekwaruza vilevile. Saa nne mhasibu alikuwa anapandisha nakala za hesabu, Mbps 10 za kupandishia zinajaa, na foleni inajipanga ndani ya kisanduku cha faiba kisichojua 46 wala 0. Niliizuia ruta yetu isitume zaidi ya Mbps 9. Foleni ikarudi ndani ya ruta, ambako 46 bado ni 46, na mikwaruzo ikaisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla hujagombana na mtu, tafuta foleni iko wapi.

Alama zinazoingia kwako nazo ziangalie. Nyumba moja Nyali nilikuta pakiti zote zinaingia na 8. Kwa waya intaneti inaruka, kwa Wi-Fi inatambaa, kwa sababu vifaa vingi vya Wi-Fi huichukua 8 kuwa kazi ya kusubiri wengine wamalize. Nilizifuta alama zote mlangoni, nikaandika upya za sauti peke yake. Ni mistari miwili ya usanidi.

Kama kweli unahitaji kipaumbele kutoka mwanzo hadi mwisho, nunua laini binafsi kwa kampuni moja, madaraja yaandikwe kwenye mkataba na namba zake. Muulize: mkinipitisha kwa mwenzenu, alama inabaki? Muuzaji atasema ndiyo. Omba kuongea na injinia. Mimi sisaini kupokea laini kabla sijaiona 0xb8 upande wa pili.