Imeili Haiendi? Usiizime Seva, Fungua Logi

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, habari za majukumu. Mimi ni mtu wa IT kwenye ofisi moja hapa Mikocheni. Imeili zetu zikienda Gmail, nyingine zinafika, nyingine zinarudi. Nimebadilisha nywila, nimewasha upya seva, nimefuta Postfix nikaiweka upya, bado. Bosi anasema nikishindwa hadi Ijumaa anatafuta mtu mwingine. Nisaidie kaka yangu."

Postfix ni programu ya seva inayosafirisha barua. Nilimuuliza kitu kimoja: logi, yaani daftari ambalo seva inaandika kila inachofanya, inasemaje? Akanitumia picha ya skrini ya Outlook. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo siyo logi, hiyo ni Outlook inalalamika. Ingia kwenye seva, fungua /var/log/mail.log, tafuta mistari yenye status=bounced (zilizorudi), kisha tafuta yenye status=sent (zilizofika), uiweke sambamba. Akasema faili hilo halipo. Kweli, Debian 12, mfumo endeshi wa seva yao, haiweki tena yenyewe rsyslog, programu iliyokuwa inaandika faili hilo, kwa hiyo mambo yote unayasoma kwa amri ya journalctl. Akaipata.

Aliponitumia mistari yake sikuhitaji hata kuisoma hadi mwisho. Zile zilizofika zilikuwa na relay=gmail-smtp-in.l.google.com na ndani ya mabano anwani ya mtandao ya mtindo wa zamani, IPv4, inayoanza na 142.250. Zile zilizorudi zilikuwa na jina lile lile, lakini ndani ya mabano kuna 2a00:1450 na kifurushi cha nukta pacha. Yaani IPv6, mtindo mpya wa anwani. Seva yao ni ya kukodi, iko Ujerumani, na ilipewa anwani zote mbili. Ile ya IPv4 iliwekewa rekodi ya PTR, ile inayorudisha anwani kwenye jina la seva. Ya IPv6 hakuna aliyeikumbuka. Google hawapokei barua kutoka IPv6 isiyo na PTR, na kwenye jibu lao la kukataa, lenye namba 550, wanalisema hilo waziwazi, kwa sentensi kamili. Postfix nayo, usipoielekeza, haina upendeleo: leo inatoka kwa IPv4, kesho kwa IPv6. Ndiyo maana "nyingine zinafika, nyingine zinarudi".

Dawa ilikuwa mstari mmoja ndani ya main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, wa kuiambia itumie IPv4 tu: inet_protocols = ipv4. Badiliko hili ni katika machache ambayo reload, yaani kusoma upya mipangilio, haitoshi, lazima Postfix izimwe na kuwashwa. Baadaye, akitulia, ataomba PTR ya IPv6 kwa waliomkodishia seva. Jumatano jioni akaniandikia kwamba bosi amempongeza mbele ya watu. Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi pengine kuliko yeye, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza leo, kwa sababu mimi sikuwahi kupongezwa mbele ya watu. Mimi nilihojiwa mbele ya watu.

Nilikuwa nahudumia kampuni moja ya kugomboa mizigo bandarini, ofisi zao katikati ya mji. Jina naliacha. Kwa waliowahi kufanya kazi na watu wa bandari, mnajua imeili kwao siyo mapambo. Nyaraka za meli zinakuja kwa imeili, bei zinakubaliwa kwa imeili, na kontena likilala siku za ziada gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa kwa dola. Seva yao ilikuwa ndani ya stoo, juu ya kabati la chuma, chini ya AC inayodondosha maji upande mmoja. Debian, Postfix, na Dovecot, programu inayowapa watu barua zilizomo kwenye masanduku yao. Mashine ya kawaida, haikuwa na ubaya wowote.

Asubuhi moja dada wa nyaraka akanipigia: "Kaka, imeili hazitoki, na tunaletewa marudisho ya barua ambazo hatukutuma." Kabla sijafika, tayari mzee, yaani mkurugenzi, alikuwa ameita mtaalamu wake. Mtu wa suti, laptop nzuri, sauti ya kujiamini. Nilipoingia nilikuta ameshatoa hukumu: seva imezeeka, yote yahamishwe, na anwani ya IP imefungiwa na Spamhaus, wale wanaoorodhesha anwani zinazotuma barua taka, kwa hiyo kuna gharama ya kuitoa kwenye orodha. Tena alikuwa na kitu kingine. Alikuwa amefungua logi, hilo nampa, na amekuta mlipuko wa barua taka umeanza 23:38. Na mimi usiku huo, saa tano na nusu, niliandika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi kwamba naingia kwenye seva kufanya matengenezo.

Mzee akanitazama. Hakuna aliyesema neno "mwizi", ila kiti nilichopewa kilikuwa peke yake upande wa pili wa meza.

Niliomba kibodi. Nikaandika date, nikabonyeza Enter. Jibu likaja likiwa na herufi tatu: UTC, yaani saa ya kimataifa. Logi za mtindo wa zamani zinaandika mwezi, tarehe na saa, haziandiki ukanda wa saa. Ile 23:38 haikuwa saa tano usiku ya Dar es Salaam. Sisi tuko saa tatu mbele. Ilikuwa saa nane usiku na dakika 38, wakati mimi nimelala na mke wangu ni shahidi. Kuingia kwangu kulikuwa kwenye logi ya sshd, inayoandika nani ameingia kwenye seva, 20:40 kwa UTC hiyo hiyo, karibu saa tatu kabla.

Kisha nikawaonyesha kilichotokea hasa:

grep -o 'sasl_username=[^,]*' /var/log/mail.log | sort | uniq -c | sort -n

Amri hii inahesabu nani amejitambulisha kwa seva kutuma barua, na mara ngapi. Orodha ikashuka: huyu kumi na kitu, yule ishirini na kitu, na chini kabisa akaunti ya uhasibu, maelfu. Anwani za mashine zilizokuwa zinaingia nayo zilikuwa za nchi ambazo kampuni haina hata jirani wa jirani huko. Nywila ya uhasibu ilikuwa jina la kampuni na 123. Mhasibu alikuwa ameijaza kwenye ukurasa wa uongo uliomwambia sanduku lake limejaa. Simlaumu. Aliyekataa nilipoleta pendekezo la nywila ndefu miezi kadhaa nyuma alikuwa mzee mwenyewe, akasema wafanyakazi watasahau na kazi itasimama. Barua ya pendekezo hilo ninayo hadi leo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilibadilisha nywila ya ile akaunti. Halafu doveadm kick, amri ya kuwatoa waliomo, kwa sababu aliyekwisha kuingia hatolewi na nywila mpya. Halafu postsuper -h ALL, foleni yote ishikwe isitoke hata moja. Baada ya hapo postqueue -j, inayotoa orodha ya foleni, nikachuja kwa programu ya jq zile za uhasibu peke yake, namba zao nikazipeleka kwa postsuper -d zifutwe. Zilizobaki, barua halali za watu, nikaziachia kwa postsuper -H ALL. Mtaalamu alikuwa anataka afute foleni nzima. Fikiria, nyaraka za makontena ya watu zilikuwa humo humo.

Na Spamhaus? Hawatozi hata senti kukutoa. Unaingia kwenye tovuti yao, unaweka IP yako, unasoma kwa nini umeorodheshwa, unaeleza umerekebisha nini. Ukiomba kabla ya kuziba tundu, watakuorodhesha tena, na safari hiyo watakuwa wagumu. Ankara ya yule bwana ilikuwa na mstari wa "kuondoa IP kwenye orodha". Ililipwa. Yangu ya mwezi ule ilichelewa, na sikuwahi kusikia hata "pole, tulikushuku bure". Mkataba haukuongezwa. Niliambiwa wanataka "mtu mwenye uzoefu zaidi".

Basi. Nimesema nisiyaweke moyoni, ila mnaona yapo.

Ninachotaka mshike, ninyi mnaoendesha seva za ofisi kwa mshahara wa mtu mmoja na lawama za watu kumi, ni hiki: logi ndiyo shahidi wako. Mtu akikwambia imeili haiendi, usimwamini, msikilize. Mwombe anwani ya mpelekewa na saa aliyotuma, halafu nenda kwenye logi. Jibu la seva ya upande wa pili likianza na 4, maana yake njoo baadaye, na Postfix itarudi yenyewe. Likianza na 5, umekataliwa, na karibu kila mara sababu imeandikwa pale pale mbele ya namba. Watu hawaisomi. Wanaona 550 wanakimbilia kuwasha upya seva. Kuwasha upya hakujawahi kubadilisha mawazo ya Google.

Na kama hakuna jibu lolote, ni "Connection timed out" tu kwa kila unakopeleka, jaribu kwanza poti 25 kutoka kwenye seva yako. Watoa huduma wengi wa intaneti wanaifunga kwa kwenda nje. Utahangaika na main.cf wiki nzima wakati tatizo liko kwenye waya wa mtu mwingine.

Subira nayo ni sehemu ya ufundi. Mei 12, 2024, Jumapili, kebo za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya hapa ikawa ya kusuasua. Jumatatu simu yangu haikupumzika. Foleni za seva zilijaa status=deferred, yaani barua zilizoahirishwa. Niliwaambia wateja wote maneno yale yale: msiguse. Postfix kwa kawaida yake inaishika barua siku 5 kabla ya kuirudisha, inajaribu na kujaribu. Hali iliporudi, foleni zikapungua zenyewe mbele ya macho yangu. Kuna fundi ninayemfahamu alifuta foleni yake "ili seva ipumue". Sijui aliwaambia nini ofisini kwake.

Mengine nayapitia haraka, maana yameandikwa sana. SPF, DKIM na DMARC, rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chako, yaani jina lako la intaneti, weka zote, tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti, na kwa Gmail wanaotuma karibu barua 5,000 kwa siku au zaidi wanabanwa zaidi. SPF isipitishe uchunguzi 10 wa DNS, daftari la majina ya intaneti, ukizidisha inahesabika kama imeharibika. PTR inawekwa na mwenye IP, siyo uliyenunua kikoa kwake, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda ofisi isiyohusika. Diski ikionyesha ina nafasi na bado seva inagoma, angalia df -i, maana Maildir, mtindo wa kuhifadhi barua, inaweka kila barua kama faili lake na inode, nafasi za kuandikisha mafaili, zinaweza kuisha gigabaiti zikiwa zimebaki. Vyeti vya usalama vya Let's Encrypt vinaishi siku 90 au pungufu. Programu ya Certbot itavihuisha, lakini Dovecot itaendelea kuonyesha cha zamani hadi uiambie ijisome upya, na simu za mabosi ndizo za kwanza kupiga kelele. Weka doveadm reload kwenye ndoano (hook) ya certbot, amri inayojiendesha cheti kikishahuishwa, usahau.

Saa ya seva iache UTC ukipenda, mimi naiacha. Ila kila ripoti unayompelekea bosi andika saa ya hapa, kwa namna anavyosoma saa yeye. "Saa nane usiku", siyo 23:38. Mnajua kwa nini.

La kikoa watu hawalisemi, na ndilo linaloua kimya kimya. Ingia whois, huduma ya kuangalia uandikishaji wa vikoa, leo, tazama kikoa cha kampuni kimeandikishwa kwa anwani gani ya mawasiliano. Nimekuta .co.tz imeandikishwa kwa imeili ya mfanyakazi aliyeondoka zamani. Nyingine nimekuta imeandikishwa kwa info@ ya kikoa hicho hicho, kwa hiyo kikoa kikiisha muda, taarifa za kukumbusha zinakwenda kwenye sanduku ambalo nalo limekufa. Postfix yako itakuwa nzima, logi safi, ukimya mtupu, na utatafuta kosa ambalo halimo ndani ya mashine. Anwani ya mawasiliano iwe nje ya kikoa, ziwe mbili ikiwezekana, moja ya mkurugenzi. Tarehe ya kuisha uiandike kwenye kalenda ya mhasibu, siyo yako, kwa sababu hela anatoa yeye.