Mfuko wa Nyongo Umetolewa, Tumbo Bado Linaendesha: Usikubali Kuambiwa Ni Mawazo

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji mmoja ambao umenikosesha raha. Ameandika hivi: "Dada, nilitolewa mfuko wa nyongo mwaka jana. Yale maumivu ya ubavuni yameisha kabisa, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hizo kila nikila lazima nikimbilie chooni. Nimerudi hospitali nikaambiwa nimeshapona, nipunguze wasiwasi. Sasa naogopa kula nikiwa kazini. Nitaishi hivi mpaka lini?"

Nimemjibu faraghani, ila najua hayuko peke yake. Najua pia kwamba wengi wenu mnaonisoma hamtaki tu kuambiwa mko hai. Mnataka kurudi kazini, kusafiri, kukaa mezani na watu na kula bila hofu. Mimi pia nilitaka hivyo hivyo, na njia ya kufika huko niliitafuta mwenyewe.

Habari za vijiwe vya nyongo, vilivyofanya na mimi nitolewe mfuko huo, sitazirudia hapa. Aliyewahi kushikwa na maumivu yale usiku, chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka kwenye bega, hahitaji kusimuliwa. Nilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo, nikarudi nyumbani haraka, vidonda vikafunga vizuri. Siku za mwanzo bega liliniuma kwa sababu ya gesi wanayojaza tumboni wakati wa upasuaji, kisha likaacha. Karatasi niliyopewa wakati naruhusiwa ilieleza namna ya kutunza vidonda na lini niondolewe nyuzi. Juu ya chakula ilikuwa na sentensi moja tu: epuka mafuta mengi kwa muda.

Shida ilianza niliporudi kwenye chakula cha kawaida. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Naamka vizuri, nakunywa chai, nakula mkate na yai. Kabla kikombe hakijaisha nasikia tumbo linanguruma upande wa kulia, ngurumo inashuka chini, kijasho chembamba kinanitoka juu ya mdomo, na hapo najua sina muda. Choo chenyewe kilikuwa maji matupu, rangi ya manjano inayokaribia kijani, na kilinichoma kiasi kwamba kujisafisha kulikuwa adhabu. Nikidhani yameisha, narudishwa tena. Nikitoka nyumbani, jambo la kwanza nililotafuta popote nilipofika ni mlango wa choo uko wapi. Kwenye vikao nilikaa karibu na mlango. Mkobani nilibeba nguo ya ndani ya akiba, na mtu wa umri wangu kubeba nguo ya akiba kama mtoto ni fedheha ambayo sikumwambia mtu kwa muda mrefu, hata wa nyumbani.

Niliporudi kwa daktari, alinisikiliza huku anaandika mambo ya mgonjwa mwingine. Akasema mfuko wa nyongo si kiungo muhimu, watu wengi wanaishi bila huo, nipunguze mawazo. Hakuniuliza nakula nini, wala shida inanishika saa ngapi, wala choo kina rangi gani. Nilitoka pale nimenyamaza. Nakiri kwamba maneno yale bado yananiuma, na nikiyasikia kwa mwenzangu yeyote damu inanichemka.

Ni kweli kwamba mtu anaweza kuishi bila mfuko wa nyongo. Farasi na panya wakubwa wa majumbani wanazaliwa bila huo na maisha yao yanaenda. Daktari wa upasuaji Carl Langenbuch alimtoa mgonjwa mfuko huo kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, na tangu hapo wagonjwa wengi mno wametolewa na wakaendelea na maisha yao bila taabu. Lakini mwili uliozaliwa na mfuko huo ulikuwa unautumia, na ukiutoa kuna kazi inayobaki haina mwenyewe.

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku. Sehemu yake huingia kwenye ule mfuko, ikakamuliwa maji na kuwa nzito, ikasubiri. Ukila chakula chenye mafuta, utumbo mwembamba unatoa homoni, mfuko unajiminya, na nyongo nzito inamwagika kwa wakati wake kuyavunja mafuta. Mfuko ukiondolewa, ini haliachi kutengeneza nyongo, isipokuwa sasa inatiririka utumboni kidogo kidogo mchana na usiku, chakula kiwepo kisiwepo. Ukila mafuta mengi kwa mkupuo, hakuna akiba ya kuyapokea. Na kuna jambo la pili, ambalo mimi ndilo lililonitesa. Kwa kawaida asilimia 95 hivi ya asidi za nyongo hunyonywa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa kwenye ini zitumike tena. Zikizidi uwezo wa utumbo kuzinyonya, zinapitiliza hadi utumbo mpana. Huko zinausisimua utumbo utoe maji na usukume kila kitu nje kwa haraka. Hayo ndiyo maji ya manjano, na ndiyo sababu ya kuungua. Kwa wagonjwa wengi hali hiyo hutulia yenyewe baada ya majuma au miezi. Kwa wengine haitulii, na hao si waongo wala si wenye mawazo.

Nilipoelewa hayo, niliacha kujiona mtu dhaifu. Nilichukua daftari nikachora safu nne: saa ya kula, nilichokula, kiasi cha mafuta kwa kukadiria, na saa niliyokwenda chooni. Kila siku niliandika, hata siku ambazo sikutaka kulitazama. Lile daftari lilinifundisha kuliko ushauri wote niliopewa. Nilikuwa nalilaumu yai, kumbe yai peke yake halikunifanya kitu. Siku zilizokuwa mbaya ni zile nilizoshinda na njaa kwa kuogopa, kisha jioni nikala sahani kubwa ya chakula cha kukaanga. Kahawa kabla ya kula kitu ilinikimbiza kila mara. Maziwa mengi pia, na vitu vitamu sana.

Kwa hiyo nikaanza kula kidogo kidogo, mara tano kwa siku, bila kuacha tumbo tupu kwa muda mrefu. Mafuta sikuyafuta, maana mwili unayahitaji. Niliyagawa, kila mlo ukapata kidogo. Nikaongeza nyuzilishe za aina inayoyeyuka kwenye maji, zile za shayiri, tofaa na karoti, kwa sababu zinashika maji na kukipa choo umbo. Niliziongeza taratibu. Anayezirundika siku moja atajaa gesi hadi alie. Kama kuna jambo moja utalichukua kwangu kuhusu chakula, liwe hili: kula kidogo, kula mara nyingi, gawanya mafuta. Nalirudia kwa sababu watu wananiandikia wakitaka orodha ya vyakula vilivyokatazwa, na orodha ya mtu mwingine haitakusaidia kama daftari lako mwenyewe.

Chakula kilinipunguzia taabu, hakikuimaliza. Nilikwenda kwa daktari mwingine na daftari langu mkononi. Huyu alilifungua, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali, kisha akasema kitu ambacho nilitamani kukisikia muda wote ule: hii inaweza kuwa harisho la asidi za nyongo, na ina dawa. Aliniandikia kolestiramini, unga unaokorogwa kwenye maji, ambao umetumika miaka mingi kushusha kolesteroli. Unazishika asidi za nyongo humo humo utumboni zisiusumbue utumbo mpana. Kuunywa si raha, unabaki ulimini chengachenga. Lakini baada ya siku chache tu nilipata choo kilichoshikana, nikakaa pale pale chooni nikalia kwa furaha. Aliyewahi kupitia haya hatanishangaa.

Usiende kuinunua kwa kubahatisha. Inaweza kufunga choo na kujaza tumbo gesi, kwa hiyo kipimo chake kinapandishwa polepole. Tena inashika dawa nyingine pia zisifanye kazi, ndiyo maana dawa zako zingine unazimeza angalau saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baada yake. Ukiitumia muda mrefu, mwambie daktari akuangalie vitamini A, D, E na K, kwa kuwa hizo hufyonzwa pamoja na mafuta. Zipo dawa nyingine za jamii hiyo kwa wasioivumilia, na wengine hutosheka na loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, kabla ya safari au shughuli.

Nakuomba pia usiusingizie mfuko wa nyongo kila kitu. Macho yakiwa manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka, au maumivu ya juu kulia yakarudi pamoja na homa na kutetemeka, hilo si suala la chakula. Huenda kuna kijiwe kimebaki kwenye mrija wa nyongo, na unatakiwa hospitalini siku hiyo hiyo. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, au kuharisha kunakokuamsha usingizini usiku ni mambo ya kuchunguzwa pia, mfuko uwe umetolewa au haujatolewa.

Mimi leo nasafiri. Mwezi uliopita nilishinda safarini kutwa nzima, nikala mchana pamoja na wenzangu, sikuuliza choo kiko wapi hadi nilipokihitaji kama mtu mwingine yeyote. Najivunia hilo na sitaona haya kulisema, kwa sababu nililipigania wakati walioitwa wataalamu walishanifungia faili. Wewe unayenisoma huku umejibanza chooni, nyanyuka uipiganie afya yako. Unyamavu wetu ndio unaowafanya wengine wadhani hatuumwi. Ukiona haya kutaja rangi ya choo chako mbele ya daktari, atakutibu vipi?

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia: andika daftari kwa majuma mawili, kisha rudi nalo. Usiseme "tumbo linanisumbua". Sema unaharisha maji, mara ngapi kwa siku, dakika ngapi baada ya kula, tangu lini, kisha uliza waziwazi kama zinaweza kuwa asidi za nyongo. Baadhi ya nchi zina kipimo chake, unameza kidonge kisha unapigwa picha siku hiyo na tena baada ya siku 7 kuona asidi kiasi gani imebaki mwilini. Mahali ambapo kipimo hicho hakipo, madaktari wengi huanza kwa kukupa dawa ya majaribio, na ukipata nafuu, hilo lenyewe huwaelekeza. Akikataa hata kulifungua daftari, mshukuru, chukua nakala ya faili lako, uende kwa mwingine.