Mbao za dawa kwenye banda la kuku

Dada, umeuliza kama zile mbao za kijani zenye dawa zinafaa kwa banda la kuku wa mayai, maana la kwanza limeliwa na mchwa. Zinafaa, ila si kila mahali.

Muulize muuzaji ni dawa gani. Ukijani huo mara nyingi ni CCA, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Marekani waliacha kuitia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Mimi mbao hiyo naiweka kwenye nguzo na fremu za nje tu, tena ikiwa imekauka. Ukiipapasa mkono ukabaki na unga wa kijani, mrudishie.

Vichanja, viota na vihori vya chakula viwe vya mbao kavu isiyo na dawa. Kuku hudonoa kila kitu, na usiku kucha miguu yake imeng'ang'ania kichanja.

Halafu maranda! Fundi wangu alikata na kuranda mbao za dawa, akaona asitupe, akayatandaza bandani. Nilishinda nayazoa kwa koleo. Vipande vilivyobaki navyo usipikie, hata majivu yake yana sumu.

Oili chafu ya gari, ile watu hupaka mbao kuzuia mchwa, achana nayo kabisa. Afadhali uinue nguzo juu ya tofali kozi mbili au zege, uone njia ya udongo ya mchwa mapema na kuibomoa.