Kabla ya Mkutano wa Asubuhi, Onyesheni Kazi

Timu nyingi za programu hapa Nairobi huanza ajaili (agile, mtindo wa kutengeneza programu kwa vipande vidogo na kuvionyesha mapema) kwa kile kilicho rahisi kuigwa, yaani mkutano wa asubuhi. Watu wanasimama duara, kila mmoja anaeleza alichofanya jana na atakachofanya leo, mkubwa anatikisa kichwa, basi. Miezi inapita na programu bado inachelewa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba wanaotoka Ruiru sasa wanadamka gizani ili wapite Thika Road kabla haijafunga.

Nimefanya kazi ndani ya timu za namna hiyo, na siku hizi huitwa kuzisaidia. Ninachowaambia ni kimoja: kama mna nguvu ya kubadilisha jambo moja tu, fupisheni muda kati ya kuandika programu na kuionyesha kwa mtu atakayeitumia. Mengine yatafuata, au hamtayahitaji.

Ilani ya Ajaili, iliyoandikwa na watu 17 huko Snowbird, Utah, mwezi wa Februari 2001, haitaji mkutano wa kusimama hata mahali pamoja. Inachosema ni kwamba programu inayofanya kazi ndiyo kipimo kikuu cha maendeleo, na kwamba ikabidhiwe mara kwa mara, kila baada ya wiki kadhaa hadi miezi kadhaa. Mkutano wa kila siku ni wa Skramu (Scrum), mojawapo ya njia za kufanya ajaili, ya Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Hata huko umepewa dakika 15, na ni wa madevelopa kupanga siku yao, si wa kumripotia bosi. Toleo la 2020 la mwongozo wao limeyaondoa hata yale maswali matatu (ulifanya nini jana, utafanya nini leo, nini kinakuzuia) ambayo watu bado wanayakariri kama sala.

Chukua mfano wa SACCO moja tuliyoitengenezea mfumo wa mikopo. Mpango wa kawaida ungekuwa hifadhidata kwanza, kisha kurasa zote, M-Pesa mwishoni. Sisi tulikata kipande chembamba kinachopita kutoka juu hadi chini: mwanachama mmoja, mkopo mmoja, rejesho moja linaloingia kwa Paybill, namba ya M-Pesa ya kulipia, na kuonekana kwenye daftari lake. Kilikuwa kibaya kwa sura, lakini kilifanya kazi. Tukakipeleka kwa afisa wa mikopo.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Na wadhamini wako wapi?" Hati tuliyopewa ilikuwa na nafasi ya mdhamini mmoja. Yeye mkopo mmoja huuandikia wadhamini watatu au wanne, kila mtu na kiasi chake, na akiba iliyokwisha kuwekwa dhamana mahali haiwezi kudhamini tena kwingine kama vile haijaguswa. Jambo hilo linabadilisha hifadhidata yenyewe. Kulijua mapema ni kazi ya siku chache. Kulijua baada ya kurasa zote kukamilika ni kubomoa nyumba.

Karani aliyekaa kando yake akaongeza la pili: wanachama hawaandiki namba ya uanachama kwenye nafasi ya akaunti ya Paybill. Wanaandika namba ya simu, ya kitambulisho, au jina la mtoto. Pesa hizo lazima zikae pembeni mpaka mtu azitambue. Hakuna hati ya mahitaji niliyowahi kusoma iliyokuwa na sentensi hiyo.

Kwa hiyo chagueni vizuri wa kumwonyesha. Mkuu wa idara ya kompyuta atasifu rangi. Nendeni kwa karani, mezani kwake, mkampe kipanya ashike yeye, nanyi mnyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Kama programu ni ya simu, beba simu ya bei nafuu yenye bando la kawaida, kwa sababu waifai ya ofisini Westlands hudanganya.

Kikwazo kikubwa kwetu, naona, ni heshima. Kijana aliyeajiriwa juzi hatasema mbele ya mkurugenzi kwamba tarehe iliyoahidiwa haiwezekani. Atasema "tunajitahidi", na kila mtu chumbani ataelewa maana yake ila mkurugenzi. Ndiyo maana kikao cha kujitathmini mkifanye bila yeye, au yeye aongee wa mwisho. Mkishindwa kusema, andikeni kwenye vikaratasi visivyo na majina. Tokeni na badiliko moja, lenye mtu wa kulisimamia. Orodha ya maazimio kumi hubaki ubaoni hadi ubao ufutwe.

Pointi za makadirio, zile namba za kukisia ukubwa wa kazi? Zikiwasaidia, tumieni, timu ya watu wanne inaishi vizuri bila hizo. Timu ya kushughulikia malalamiko ya wateja isilazimishwe kupanga kazi kwa vipindi vya wiki mbili kama Skramu. Kanbani, yaani ubao unaoonyesha kila kazi imefika wapi, yenye kikomo cha kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja, itawafaa zaidi.

Kuhusu zabuni za serikali, msibishane na mteja juu ya neno ajaili. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 ina masharti ya kurekebisha mkataba uliokwisha kusainiwa, kwa hiyo nafasi ya kubadilisha iandikwe tangu mwanzo: kipengele kipya kikiingia, kingine cha ukubwa uleule kitoke. Na malipo ya awamu yafungwe kwenye kitu kinachofanya kazi, si kwenye ripoti yenye kurasa mia.

Ukitaka kuanza wiki hii, mpigie karani simu kabla hujaandika chochote, uombe saa moja ya wiki ya pili kutoka sasa. Timu ikishajua kuna mtu anangoja, itakata kazi ndogo yenyewe. Ila usiombe mwisho wa mwezi kama ni SACCO. Makato ya mishahara yakiingia, hakuna atakayekutazama.